Treni yangu iliteleza Diff: historia fupi ya mshiko

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi, na wengine wenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. La hasha! Nilikuwa nyumbani, Diff, na huko nilipata aibu ndogo iliyonirudisha vitabuni. Leo naomba tuweke kando habari za programu tuzungumze treni. Msikimbie, kompyuta zitaingia kabla hatujamaliza.

Kwa wasiopafahamu, Diff ni mji mdogo wa Kaunti ya Wajir, mpakani na Somalia. Wenzangu kazini hulicheka jina hilo kwa sababu sisi waandishi wa programu tuna amri inayoitwa diff, ya kuonyesha tofauti kati ya faili mbili. Mafundi wa magari nao wakilisikia wanafikiria ule mtambo wa chini ya lori unaogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Shikeni hiyo ya mafundi, tutaihitaji baadaye.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniomba nikienda likizo niwapelekee watoto kitu cha kuwafundishia habari za treni. Vitabuni treni imo, mtihanini treni imo, lakini ukitoka Diff kwa barabara, upite Garissa, upite Mwingi, reli ya kwanza utakayoikanyaga ni ya Thika. Kwa hiyo nikaunda kichwa cha treni cha mfano. Reli zake, zenye upana wa milimita 16.5, nilizinunua za mitumba. Bodi niliikata kwenye mikebe, nikaweka mota moja ndogo na betri nje ya reli. Mezani kwangu Nairobi kilikimbia vizuri, kikivuta mabehewa manne.

Diff tulitaka kuonyesha jinsi treni inavyopanda mlima. Tukachukua ubao wa mita moja, tukainua upande mmoja sentimita 6, tukalaza reli juu yake. Nikawasha. Magurudumu yakazunguka kwa kasi ya ajabu, lakini treni haikusogea hata kidogo. Watoto wakacheka mpaka mwalimu akawanyamazisha. Kisha msichana mmoja akauliza, "Kwani treni ya kweli hupandaje?" Nikajibu haraka haraka kwamba ya kweli ina nguvu nyingi zaidi.

Mjomba wangu, aliyeendesha malori ya Garissa na Wajir kwa miaka mingi, alikuwa ameketi nyuma. Alingoja watoto watawanyike ndipo akaniambia. Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa neno moja, abti.

"Abti, umewadanganya watoto. Nguvu unayo, si tumeona magurudumu yanavyozunguka? Huna mzigo. Wakati wa mvua lori tupu ndilo linaloteleza."

Nilijua amesema kweli, na nilijua nina deni kwa yule msichana. Yanayofuata ni jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile.

Swali la zamani kuliko treni za abiria

Kumbe swali lake liliwasumbua watu wazima miaka 200 iliyopita. Mwaka 1804, huko Penydarren nchini Wales, Richard Trevithick aliweka injini ya mvuke juu ya reli, ikavuta tani 10 za chuma pamoja na watu wapatao 70. Mshiko ulitosha. Kilichoshindwa ni reli: zilikuwa za chuma cha kalibu, na uzito wa injini ukazivunja.

Hapo ndipo fumbo lote lilipo. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hushika kwa sababu limegandamizwa na uzito. Reli ikiwa kavu na safi, kichwa cha treni kinaweza kuvuta kwa nguvu iliyo karibu na robo ya uzito uliokaa juu ya magurudumu yake yanayosukumwa. Ikilowa, hesabu hushuka hadi sehemu ya sita au ya saba, na mafuta yakimwagika hushuka zaidi. Ukitaka mshiko, ongeza uzito. Ukiongeza uzito, reli inavunjika.

Wengi wakaona heri kuachana na mshiko kabisa. John Blenkinsop alipata hataza mwaka 1811 ya gurudumu lenye meno linalouma meno mengine yaliyotengenezwa ubavuni mwa reli, na kuanzia 1812 injini za namna hiyo zilivuta makaa ya mawe karibu na Leeds. William Brunton alikwenda mbali zaidi: mwaka 1813 alitengeneza injini yenye miguu miwili nyuma, ikijisukuma kama mnyama anayepanda kilima. Nilipomsimulia mjomba, alisema huyo angenunua ngamia tu. Boila ya injini ya namna hiyo ililipuka mwaka 1815 na kuua watu.

Aliyetatua jambo hili ni William Hedley wa mgodi wa Wylam, kaskazini mwa Uingereza, na ndiye ninayempenda kwa sababu hakuanza na injini. Alitengeneza kigari cha majaribio, akaweka watu wa kuzungusha magurudumu kwa mikono, akafunga mabehewa nyuma yake. Kisha akawa anabadilisha uzito juu ya kigari na kuangalia magurudumu yanaanza kuteleza lini. Hakukuwa na mvuke wala moshi, ni uzito na mikono tu. Akathibitisha kwamba gurudumu laini juu ya reli laini linatosha, mradi uzito uwepo na magurudumu yaunganishwe yazunguke pamoja. Reli za Wylam zilipoanza kuvunjika, injini zake ziliwekwa juu ya magurudumu manane badala ya manne. Uzito ulikuwa uleule, lakini kila gurudumu lilibeba sehemu ndogo zaidi.

Kwa lugha yetu sisi wa programu, Hedley alitenganisha tatizo moja na mengine yote, akalipima peke yake. Mimi pale Diff sikupima chochote.

Mlima wetu wenyewe

Sasa turudi nyumbani. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu Desemba 1901. Inaanzia usawa wa bahari, na Nairobi tayari iko zaidi ya mita 1,600 juu. Baada ya Nairobi inapanda tena, inashuka ndani ya Bonde la Ufa, inapanda Mau hadi zaidi ya mita 2,500, kisha inateremka ziwani. Tawi la kwenda Uganda kupitia Eldoret linapita Timboroa, kwenye kimo cha karibu mita 2,780.

Ukingo wa Bonde la Ufa ulikuwa mkali mno mwanzoni, kiasi kwamba wajenzi hawakungoja njia ya kudumu ikamilike. Walishusha mabehewa kwa kamba nene za chuma, mengine yakiwa yamepandishwa juu ya vibebeo vyenye umbo la kabari ili yakae sawasawa kwenye mteremko. Behewa lililoshuka na mzigo lilisaidia kuvuta lililopanda. Njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901, mshiko wa magurudumu ukachukua kazi.

Lakini mshiko huo ulikuwa na mpaka. Reli zilikuwa za upana wa mita moja na nyepesi, ratili 50 kwa yadi, yaani karibu kilo 25 kwa kila mita. Reli kama hiyo haibebi ekseli nzito. Biashara ilipokua, pamba ya Uganda ikishuka kwenda bandarini na bidhaa zikipanda, tatizo la Trevithick likarudi: uzito unatakiwa, na reli haziukubali.

Jibu lilikuwa hataza ya mwaka 1907 ya Mwingereza Herbert William Garratt. Alichukua boila moja kubwa akaining'iniza katikati, kama mzigo uliobebwa na watu wawili kwa mti. Mbele aliweka mtambo mzima wenye magurudumu, pistoni na tangi la maji, na nyuma mtambo mwingine kama huo. Kila mtambo hugeuka wenyewe penye kona. Kwa kuwa hakuna magurudumu makubwa chini ya boila, boila inaweza kuwa nene. Na kwa kuwa ekseli ni nyingi, uzito mkubwa unagawanyika vizuri. Garratt za kwanza duniani zilikwenda Tasmania mwaka 1909, na za kwanza kwetu zilifika mwaka 1926 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester.

Kilele kilikuwa daraja la 59 la Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Vilijengwa vichwa 34 mwaka 1955 na 1956, vikapewa majina ya milima yetu. Cha kwanza, 5901, kiliitwa Mlima Kenya. Hakuna kichwa cha mvuke kilichowahi kuvishinda kwa nguvu kwenye reli za upana wa mita moja, popote duniani. Viwili vimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi: 5918 Mlima Gelai na 5930 Mlima Shengena. Nendeni mkasimame kando yake, kisha mtaelewa kwa nini watoto walihitaji kukiona.

Hesabu ya mlima

Tufanye hesabu, maana ndiyo utamu wenyewe. Kichwa cha daraja la 59 kilikuwa na uzito wa takriban tani 250, na kazi yake ilikuwa kuvuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi kwenye mwinuko wa asilimia 1.5. Jumla ni tani 1,450. Asilimia 1.5 ya hizo ni karibu tani 22. Hiyo ndiyo nguvu inayotakiwa ili treni isirudi nyuma tu, kabla ya kuhesabu ukinzani wa magurudumu, upepo na kona.

Ekseli zinazosukumwa zilikuwa nane, kila moja ikibeba karibu tani 21. Kwa hiyo uzito wa kushika ni takriban tani 168, na robo yake ni 42. Wahandisi waliipa nguvu ya kuvuta ya karibu tani 37, chini kidogo ya mahali magurudumu yangeteleza reli ikiwa kavu. Mnaona? Nguvu haikuwekwa kubwa kadiri ilivyowezekana, iliwekwa kulingana na mshiko.

Mvua ikinyesha, ile 42 inashuka hadi 25 hivi, na hapo mlimani dereva anaanza kusali. Dawa yake ilikuwa ni mchanga. Vichwa vya treni hubeba mchanga mkavu, unaomwagwa kwa mabomba madogo mbele ya magurudumu yanayosukumwa. Mimi niliyekua nikiona mchanga ukimeza malori nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Mjomba wangu alikuwa akipunguza upepo wa tairi ili autoroke mchanga, kumbe dereva wa treni anaubeba kama akiba ya thamani!

Garratt ilikuwa na udhaifu wake pia. Maji na mafuta yake yalikaa juu ya mitambo yenye magurudumu, kwa hiyo kadiri safari ilivyoendelea uzito ulipungua na mshiko nao ukapungua. Dereva aliyekaribia Nairobi tangi zikiwa zimeshuka hakuwa na mashine ileile aliyotoka nayo.

Na ile diff ya mafundi? Lori lina mtambo huo ili magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti penye kona. Ubaya wake ni kwamba gurudumu moja likiteleza, nguvu yote hukimbilia huko na lori linakwama. Treni haina. Magurudumu mawili ya ekseli moja yamekazwa pamoja, na kona hukatwa kwa sababu uso wa gurudumu umechongwa kama pia: upande wa ndani ni mnene kuliko wa nje. Likisogea kando kidogo, gurudumu la nje ya kona linakanyagia pale palipo panene na kwenda mwendo mrefu zaidi.

Kurudi mezani

Nilirudi Nairobi nikafanya kama Hedley. Kwanza nilipima. Kichwa changu kilikuwa na gramu 180, lakini mota ilisukuma magurudumu ya mbele tu, kwa hiyo uzito wa kushika ulikuwa gramu 90. Kwa magurudumu ya mfano nilichukulia sehemu ya tano: gramu 18 za kuvuta. Mabehewa manne yalikuwa na gramu 240. Jumla 420, mwinuko asilimia 6, nguvu inayotakiwa zaidi ya gramu 25. Nilipeleka treni ambayo haingepanda kamwe, hata ningeiwekea betri ya lori.

Haya ndiyo niliyobadilisha, kwa wanaotaka kujaribu:

Uzito. Nilipata vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu ya gari, gramu 160, nikavigawa mbele na nyuma sawasawa. Osheni mikono baada ya kushika risasi, na muifunike kwa rangi au gundi watoto wasiiguse. Msipitilize. Magurudumu yateleze kabla mota haijakwama, maana mota iliyokwama huungua.

Magurudumu yote yasukumwe. Niliongeza mota ya pili nyuma, kama Garratt. Sasa gramu zote 340 zinashika, nguvu ni 68, na mlima na mabehewa yake vinadai 35 hivi. Wengine huvisha magurudumu vipete vya mpira. Vinashika kweli, lakini mpira haupitishi umeme, kwa hiyo unapata mshiko na kupoteza ulaini.

Umeme. Treni ya mfano hula umeme kupitia reli, na kila chembe ya vumbi ni kukatika kwa umeme. Nilifunga vidole vya shaba kwenye kila gurudumu na kusafisha reli kwa spiriti. Hapa dawa ya treni kubwa ni sumu ya ndogo: mchanga huziba umeme na kula gia.

Mwendo. Badala ya kupunguza volti, kidhibiti kidogo hutuma volti kamili kwa vipande vifupi vifupi, mara nyingi kwa sekunde. Kati ya vipande hivyo kinasoma umeme ambao mota yenyewe inauzalisha ikizunguka, na hivyo kinajua kasi yake. Ikilemewa, kinaongeza, ikikimbia, kinapunguza. Programu yenyewe haifiki mistari 60.

Vichwa vikubwa vya dizeli na umeme vya siku hizi vina akili ya namna hiyo. Kompyuta hulinganisha kasi ya magurudumu na kasi ya treni, na imegundulika kwamba mshiko bora haupatikani gurudumu likiwa limetulia kabisa, bali likiteleza kidogo sana. Mkono wa dereva hauwezi kukaa kwenye ukingo huo mwembamba kwa saa nzima. Programu inaweza.

Kwa nini haikufika kwetu

Nilirudi Diff mwezi uliopita. Treni ilipanda, polepole, bila kushtuka, mabehewa yote manne nyuma. Yule msichana hakupiga makofi. Aliinua kichwa cha treni kwa mikono miwili akasema, "Ni kizito." Naam, nikamwambia, ndiyo sababu. Kisha akauliza la pili: kwa nini reli haikuletwa kwetu?

Hilo halina jibu la mota. Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kwa Sheria ya Wilaya za Mbali ya 1902, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika Kisumu, ikaikaza zaidi kwa Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Baada ya uhuru, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 uliamua fedha za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri, mvua, na njia za usafiri zilizokuwepo tayari. Penye reli paliongezewa kwa sababu pana reli. Mwaka 2012 mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu, ukiwa na mpango wa reli ya kwenda Isiolo kupitia upande wa Garissa. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilianza kazi mwaka 2021, lakini reli yenyewe haijajengwa.

Nilimweleza hivyo hivyo, kwa maneno mepesi. Mjomba akaongeza lake: "Uzito wote uliwekwa ekseli moja, abti. Nyingine zinazunguka hewani."

Treni nimeiacha shuleni, pamoja na mizani ya jikoni ili wapime wenyewe. Mkipita Diff, muombeni mwalimu awaonyeshe. Mkikuta reli zina vumbi, futeni kwanza. Kwaherini, tuonane wakati mwingine.